Kitanda Kisichotoka Mlangoni

Mjomba wangu hapimi nyumba, anapima mtu. Ukienda kuagiza kiti, anakuzunguka kama mnunuzi wa ng'ombe, anakukalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakupima kutoka goti hadi kisigino, kisha anauliza kama kiti ni cha kulia chakula au cha kununia. Kitanda ndiyo balaa zaidi. Anakulaza chali sakafuni, kwenye vumbi la mbao, anakuchora mstari wa chaki kuzunguka mwili mzima. Wapita njia wakichungulia hudhani pametokea mauaji. Wateja kadhaa wamewahi kuinuka katikati ya kipimo wakakimbilia madukani kununua vitanda vya chuma, wakisema siku yao ya kupimwa hivyo bado haijafika.

Mimi ni mtoto wa dada yake. Karakana tunaigawana: mimi nashona magodoro upande wa mlangoni, yeye anapiga randa upande wa ndani, na katikati yetu kuna feni moja na ugomvi mwingi. Mtaani wanamwita Bila Msumari, na jina hilo analipenda kuliko lile alilopewa na babu. Kazi yake yote ni ulimi wa ubao kuingia kwenye tundu la ubao mwenzake, gundi, na kijiti cha mti mgumu kupigiliwa hapo katikati. Msumari hataki. Skrubu hataki. Ukimtajia bolti anakunja uso kama mtu aliyeulizwa umri wake hadharani. "Nilichokiunga mimi," husema, "binadamu hakifungui." Amesema hivyo miaka mingi, na kwa bahati mbaya ni kweli.

Basi akaja Nesi Mlingoti. Huyu alikuwa mkunga wa zahanati yetu mpaka alipostaafu, na nusu ya watu wa mtaa wetu walipita mikononi mwake wakiwa hawana nguo, mimi nikiwa mmojawapo. Ni mrefu, mrefu hasa. Kila mlango huuinamia, na wageni humsifu kwa adabu zake. Mume wake alikwisha kufariki, akawa anapanga chumba peke yake barabara ya pili kutoka kwetu.

"Fundi," alimwambia mjomba, "nataka kitanda kirefu."

Mjomba akamlaza sakafuni. Mstari wa chaki ukaenda, ukaenda, ukafika chini ya cherehani yangu, ikabidi niisogeze. Nilimwona mjomba macho yakimng'aa. Darini alikuwa na mbao ndefu za mti mgumu alizoziweka tangu ujana wake zikisubiri mtu wa kuzistahili, na sasa mtu huyo alikuwa amelala miguuni pake na vumbi nyweleni. "Nyamaza, usitikisike," akamwambia Nesi, ambaye alikuwa ameanza kueleza jambo fulani. Nesi akanyamaza.

Kitanda chenyewe kilijengwa chumbani kwa Nesi. Mbao ziliingia moja moja, zikaungwa mle mle. Nilipoona tendegu la mwisho, yaani ule mguu wa nne, linapigiliwa kijiti chake, nikauliza, "Mjomba, na siku ya kutoka?"

"Kutoka kwenda wapi? Kitanda si mbuzi."

"Lakini Nesi ni mpangaji, mjomba."

"We mtoto," akasema, "shona godoro."

Nikashona godoro, na lilikuwa refu mpaka tulilibeba barabarani kama watu waliokamata chatu.

Mwenye nyumba ya Nesi anaitwa Baba Kufuli, na jina halikumwonea. Anafunga geti kwa kufuli, mfereji wa maji kwa kufuli, pipa la taka kwa kufuli. Siku moja alipanda paani, akaivuta ngazi juu akaifunga kwa kufuli isiibwe, akapoteza ufunguo, akakaa huko tangu asubuhi mpaka mkewe aliporudi sokoni. Madirishani kaweka nondo nene ambazo hata paka hupita kwa kuvuta pumzi.

Mambo yaliharibika binti ya Nesi alipopata ujauzito wake wa kwanza. Akataka mama yake awe karibu, akamwandalia chumba cha uani, na Nesi akaona ni haki: mkunga aliyezalisha mtaa mzima hawezi kumpokea mjukuu wake kwa simu. Akatoa taarifa kwa mwenye nyumba kama inavyotakiwa, akafunga vyombo, akaita wabebaji. Masufuria yakatoka. Kabati likatoka. Kitanda kikagoma.

Wabebaji walikiinua, wakakisimamisha, wakakilaza ubavu, wakakigeuza matendegu juu. Mlango ulikuwa mwembamba, na nje ya mlango palikuwa na ukumbi mwembamba zaidi ulioishia ukutani. Mbebaji mmoja akabanwa kati ya kitanda na kizingiti, akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, tukaacha habari ya kitanda tukamwokoa yeye. Mjomba alikuwa amesimama ukumbini amekunja mikono, na Mungu anisamehe, lakini niliona anatabasamu. Kila kitanda kilipogoma, yeye alijiona anasifiwa.

Baba Kufuli naye alikuwa anatazama, funguo mkononi. Alipoona wabebaji wamechoka, akatamka sheria aliyoitunga papo hapo: "Kisichotoka mlangoni ni sehemu ya nyumba."

Akafunga chumba. Kesho yake getini pakaning'inia kipande cha boksi kimeandikwa kwa herufi kubwa: CHUMBA KIZURI, KINA KITANDA.

Nesi akaenda kwa binti yake bila kitanda, akawa analala kwenye kochi la mkwewe, makalio kwenye mito, visigino juu ya stuli. Usiku stuli huteleza, na nyumba nzima huamka ikidhani uchungu umeanza. Alipopita karakanani wiki ile alikuwa na macho mekundu. "Fundi," akasema, "kitanda changu nakitaka." Hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali, maana mjomba wangu kwa ugomvi ni hodari, ila mtu akimwambia neno kwa upole hajui aweke wapi mikono.

Kwanza tukajaribu mazungumzo. Watu wazima huzungumza. Mjomba akaenda kwa Baba Kufuli, mimi nyuma yake, wakazungumza kupitia geti kwa kuwa Baba Kufuli hakutaka kulifungua. Mjomba alikwenda kuomba kitanda kitolewe. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Alianza na aina ya mti, akaingia kwenye ulimi na tundu, akafika kwenye vijiti, akasema kitanda kama kile hakipatikani tena mjini wala shamba, na kwamba wajukuu wa wajukuu watakilalia. Baba Kufuli alisikiliza kwa makini sana. Kisha akaenda kuongeza kufuli la pili.

"Umemuuzia tena!" nilimwambia mjomba njiani.

"Nimemweleza ukweli."

"Ukweli gani wa kumnenepesha adui?"

Akaongeza mwendo. Ndipo nilipojua kwamba na yeye ameona alichofanya.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa atusuluhishe. Mwenyekiti ni mtu wa busara, akawaita wote, akawapa viti, akakohoa vizuri. Kabla hajasema neno, Baba Kufuli akasimama. "Napinga! Hii ni kesi ya ngedere, hakimu nyani. Huyu mama ndiye aliyemkata mwenyekiti kitovu!"

Ilikuwa kweli. Nesi mwenyewe akathibitisha, akaongeza kwamba mwenyekiti alitanguliza miguu. Basi wakatafuta msuluhishi mwingine. Mwalimu mkuu: alizalishwa na Nesi. Mwenye duka la dawa: alizalishwa na Nesi. Muuza nyama hakuzalishwa naye, lakini watoto wake pacha wote wawili ndiyo. Mwisho akapatikana katibu wa mtaa, mgeni kabisa, aliyehamia juzi. Baba Kufuli akafurahi. Katibu akainamisha kichwa, akakiri kwamba mkewe ni mjamzito na wamekwisha kuzungumza na Nesi. Usuluhishi ukavunjika, chai ikanywewa, kila mtu akaenda kwake.

Ndipo tukaenda kwa dada wa msaada wa sheria. Ofisi yake ni chumba kidogo nyuma ya ofisi za halmashauri, kina meza moja, na siku hiyo kilikuwa na kiti cha wageni kilichovunjika mguu. Mjomba, ambaye alikuja kumsindikiza Nesi tu, hata hakusalimia. Alikipindua kile kiti, akakipakata, akaanza kukichunguza na kuguna.

Dada wa sheria alikuwa mvumilivu. Akamweleza Nesi polepole kwamba ugomvi wa kila siku una ngazi zake, na kwamba yeye amekwisha kupanda mbili bila kujua. Mazungumzo ni ya kwanza, usuluhishi ni wa pili. Sasa ingeandikwa barua ya madai, ya kumwambia mwenye nyumba kwa adabu na kwa tarehe anatakiwa afanye nini. Akikataa, kuna mahakama ya madai madogo.

"Huko nitahitaji wakili?" Nesi akauliza.

"Huhitaji, mama. Unasimama unaeleza mwenyewe, kwa Kiswahili chako, bila kuogopa. Ila kitu kimoja uamue mapema: unataka kitanda, au unataka thamani yake?"

"Kitanda."

"Sawa. Basi wadaiwa watakuwa wawili. Wa kwanza ni mwenye nyumba, anayekizuia. Wa pili ni fundi, aliyekijenga kisiweze kutoka."

Mjomba akainua kichwa kutoka kwenye kiti. "Nani wa pili?"

"Wewe, mzee."

"Kwa nini niwe wa pili?" Sauti yake ilifika barabarani. "Mimi niliyepasua, nikaranda, nikaunga, niwe wa pili? Huyo wa kwanza kafanya kazi gani? Kafunga mlango tu!"

"Mzee, si mashindano."

"Niandikeni wa kwanza au msiniandike kabisa!"

Nilimfinya. Dada wa sheria akaeleza tena kwamba kudaiwa si kutukanwa, kwamba mahakama haiwezi kumwagiza mtu ambaye hayumo kwenye kesi, na kitanda kile hakuna wa kukishughulikia ila yeye. Nesi akamwekea mjomba mkono begani. "Fundi, mimi na wewe hatugombani. Nakushtaki kwa heri." Mjomba akanung'unika, lakini kiti akakirudisha kikiwa kizima.

Barua ya madai ikapelekwa. Baba Kufuli akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, akaitia kwenye droo, akaifunga kwa kufuli. Ikabaki mahakama.

Mahakama ya madai madogo haifanani na zile za kwenye televisheni. Ni chumba chenye mabenchi, dirisha lenye pazia la kijani, na karani anayegonga mihuri kama anayeua mbu. Mbele yetu walikuwa majirani waliogombania jogoo anayewika nyumba moja na kula nyumba nyingine. Hakimu alikuwa mtu mfupi, nadhifu, aliyehamishwa kutoka mbali. Baba Kufuli alimwuliza karani hakimu kazaliwa wapi na kazalishwa na nani, akajibiwa akae chini.

Nesi akasimama, akaeleza. Baba Kufuli akasimama, akaeleza. "Mheshimiwa," alisema, "mlango haung'oki na kitanda hakitoki. Choo nacho hakitoki. Mpangaji akihama hubeba choo?"

Watu wa benchi la nyuma wakatikisa vichwa kukubali. Nilianza kuingiwa na hofu. Jinga lilikuwa linasema vizuri.

Hakimu akavua miwani. "Ngojeni kwanza. Hakuna kitanda kisichotoka. Fundi yeyote anakifungua kwa dakika chache. Mtu mmoja hapa hajajaribu vya kutosha."

Mjomba akainuka kama aliyekalia kaa la moto. "Mheshimiwa, kipo! Changu hakitoki!"

"Mdaiwa wa pili, unajua kwamba unajishtaki mwenyewe?"

"Sijishtaki, najieleza! Leta fundi yeyote. Leta kumi! Hakifunguki, hakitikisiki, hakitoki!"

Hakimu akamtazama kwa muda, akamtazama karani, akamtazama Nesi aliyefunika uso kwa kiganja. Kisha akasema mahakama itakwenda kukiona hicho kitanda kwa macho yake.

Tukaenda wote kwa miguu, hakimu mbele, karani na jalada kwapani, na nyuma yetu wale wa kesi ya jogoo, ambao kesi yao ilikuwa imekwisha lakini hawakuwa na haraka. Baba Kufuli alichukua muda kufungua kufuli zake, maana funguo zilikuwa nyingi. Chumbani hapakuwa na kiti hata kimoja. Kulikuwa na kitanda, ukuta mpaka ukuta, na godoro langu juu yake.

Hakimu alisimama kwa heshima kidogo. Kisha akakaa kitandani. Karani akakaa kando yake, kwa kuwa jalada lilihitaji mapaja. Baba Kufuli akakaa upande wa pili ili asionekane ameshindwa. Miguu ya hakimu ilikuwa inaning'inia hewani kama ya mwanafunzi wa chekechea, naye akajitahidi kuikunja isionekane. Akajitikisa kidogo, taratibu, kupima ushahidi. Kitanda hakikulia hata chembe. Akajitikisa tena, na nadhani mara hiyo ya pili haikuwa ya sheria.

"Ni imara," akasema.

Mjomba alivimba kwa furaha hadi nikaona aibu.

Wakainuka, wabebaji wakaitwa, wakajaribu tena mbele ya mahakama. Kitanda kikagoma tena, kwa heshima zote. Hakimu akapanda tena mahali pake, akatoa kauli kuhusu mdaiwa wa kwanza. "Kitanda hiki hakikupigiliwa ukutani wala sakafuni. Kimekwama tu. Kukwama si kumilikiwa. Mtu akikwama kwenye lifti hawi mali ya mwenye jengo. Kitanda ni cha mama."

"Sasa fundi," hakimu akaendelea, "ulijua huyu ni mpangaji?"

"Nilijua."

"Mpangaji huhama. Kitanda chake sharti kihame. Kosa ni lako. Mnaweza kupatana hapa hapa, niyaandike mapatano yenu yawe na nguvu ya hukumu. Au niamue mimi, na huenda mkanuna wote. Unatoaje kitanda?"

"Tuvunje ukuta, Mheshimiwa. Nitaujenga upya."

"Ukuta wangu!" Baba Kufuli alipiga yowe la kweli, kama mtu aliyekanyagwa. Hakimu akasema hakuna nyumba itakayovunjwa.

"Basi nitamjengea kingine huko anakokwenda. Hiki kibaki."

"Chumbani humo humo? Na akihama tena?"

"Nitajenga cha tatu."

"Fundi, unataka kumwachia huyu mama vitanda kila mahali kama vituo vya basi?" Hakimu akapunguza sauti. "Upo msumeno."

Mjomba akarudi nyuma hatua moja, akakiwekea kitanda mkono. "Mheshimiwa, nifungeni. Msumeno haugusi kazi yangu iliyokwisha."

Hakimu akapumua. Akamgeukia Nesi, akamwuliza kwa upole kama hawezi kukubali thamani ya kitanda, anunue kingine, mambo yaishe.

Nesi alikuwa amesimama kona, kichwa kimeinama kidogo kwa ajili ya dari. "Mheshimiwa," akasema, "mimi nilirefuka mapema. Shule ya bweni walinipa kitanda cha chuma. Nikalala miguu imepita kwenye nondo, asubuhi wenzangu wananivuta kwa makwapa. Chuo cha uuguzi nikakuta kitanda kile kile, rangi tofauti. Nikaolewa. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema sana, lakini mfupi, na kitanda alikinunua kabla ya kunijua."

Karani akacheka, akajiziba mdomo. Nesi naye akatabasamu.

"Chekeni tu, hata mimi nilicheka. Nimelala nimejikunja maisha yangu yote kama mtoto tumboni, na hao nimewaona wengi, najua ninachosema. Siku ya kumzika mume wangu nilimtazama ndani ya jeneza lake. Lilimtosha sawasawa, kichwa mpaka miguu. Nilikuwa nalia, Mheshimiwa, lakini moyoni nilimwonea wivu. Nikasema, kumbe mtu lazima afe ndipo anyooke?"

Hakuna aliyecheka tena. Hata wale wa jogoo waliokuwa wanachungulia mlangoni wakasogeza vichwa ndani.

"Nilipolala hapa mara ya kwanza, nilinyoosha miguu nikangoja igonge kitu. Haikugonga. Nikalia, kisha nikalala mpaka jua likaniamsha. Ndiyo maana thamani siitaki. Na wewe fundi usikasirike, kitanda chako ni kizuri, kila mtu anasema. Mimi sikutaka kizuri. Nilitaka kirefu."

Mjomba alivua kofia yake. Alimtazama Nesi kama ambaye hakuwahi kumwona, yeye aliyemchora kwa chaki kuanzia utosi hadi unyayo. "Nesi," akasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia. Ukaniambia ninyamaze."

Nilikuwepo siku ile, na nilikumbuka. Mjomba pia alikumbuka, maana aliketi kwenye ukingo wa kitanda kando ya hakimu, mabega yakamwanguka. Nilimwonea huruma. Maisha yake yote alikuwa anasimulia watu habari za mbao, lakini mtu wa kuzilalia mbao hizo, yeye hakuwahi kumsikiliza hata mara moja.

Kisha akanitazama. "Mpwa wangu, nenda kaniletee msumeno. Ule wa meno madogo."

"Una hakika, mjomba?"

"Nenda kabla sijabadilika."

Nilikimbia. Niliporudi, hakimu alikuwa ameshuka kitandani na karani anaandika mapatano akiwa ameegemea ukuta. Mjomba akaondoa godoro, akapiga goti kando ya mfumbati, ule ubao mrefu wa ubavuni, akaupapasa, akaweka msumeno. Alikata taratibu, bila kupumzika, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. Machozi yalimtoka. Baba Kufuli akamwuliza kama analia, akajibu ni vumbi. Baba Kufuli akasema basi vumbi lenyewe alifagie. Hapo hakimu, mtu wa sheria, alimtazama Baba Kufuli kwa jicho ambalo kama lingeandikwa kwenye jalada lingekuwa kosa.

Kitanda kikatoka vipande viwili kupitia mlango ule ule, kikapakiwa kwenye mkokoteni, mjomba akitembea kando yake ameshika ubavu wa mbao kama anayemsindikiza mgonjwa. Tulipofika duka la vifaa aliniachia mimi niingie. Alisimama nje, amegeuka upande mwingine, nikanunua bolti na nati na vipande vya chuma vya kuungia. Alivipokea kwenye mfuko bila kuvitazama.

Chumba cha uani kwa binti ya Nesi kina dirisha kubwa na mlango mpana, na mjomba, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliupima mlango kabla ya kuingia. Akaunga kitanda mchana ule ule. Nilimshikia taa ya simu huku yeye akikaza nati kwa spana ya kuazima, akiapa kwa sauti ya chini, akikaza tena. Alipomaliza akasimama, akakitazama kile chuma kinachong'aa ubavuni mwa mbao zake. "Kibaya," akasema.

"Kirefu," nikamwambia.

Nikatandika godoro. Binti ya Nesi akaleta shuka, akishika kiuno kwa uzito wa mtoto. Nesi akavua viatu. "Nijaribu kidogo tu," alisema, "msiondoke, niwapikie chai." Akajilaza chali, akanyoosha mguu mmoja, akanyoosha wa pili, akapumua. Mjomba akainama kuokota spana, mimi nikawa nakusanya vipande vya gundi kavu, binti yake akauliza, "Mama, shuka la kujifunika?" Hakujibiwa. Nesi alikuwa amelala, mikono wazi, mdomo wazi, urefu wake wote umenyooka juu ya kitanda.

Binti yake akaziba mdomo akatoka. Mjomba akabaki pale pale ameinama nusu, akiogopa hata kunyooka mgongo, spana mkononi.

Simu yake ikalia. Aliipapasa mifukoni kama mtu anayezima moto, akaipata, akaiweka sikioni. Ilikuwa sauti ya Baba Kufuli, na hata mimi niliisikia kutoka nilipokuwa: unga wa mbao umejaa ukumbi mzima, kizingiti kimekwaruzwa, nani atafagia, nani atapaka rangi, anajua yeye ni nani, mahakama ipo, sheria ipo, kesho asubuhi na mapema wataonana huko huko!

Siku nyingine yoyote mjomba wangu angelijibu, na mtaa wote ungelisikia. Safari hii aliifunika simu kwa kiganja, akavua viatu vyake, akavishika mkononi, akaanza kutoka kwa ncha za vidole.

"Shhh," akamnong'oneza Baba Kufuli. "Punguza sauti, ndugu yangu. Kuna mtu amelala."